Zahanati ya Binti wa Kuhani

Daktari Freydl Kahanovich hakujua kusitasita. Akiingia nyumbani kwa mgonjwa alianza kuvua koti mlangoni, akauliza swali la kwanza mkono mmoja ukiwa bado umenasa kwenye koti, na kabla mwenye nyumba hajamaliza kueleza maumivu yalivyoanza, yeye ameshaweka kiganja mahali penyewe. "Hapa?" Mgonjwa anaruka. "Naam, ni hapa." Watu wa Zangen walisema mtoto huyu alizaliwa na hakika zake, na kilio chake cha kwanza kilikuwa cha kumkosoa mkunga.

Zangen kilikuwa kijiji cha wakulima wa Kiyahudi katika nyanda za Saskatchewan, ngano mbele, ngano nyuma, na katikati sinagogi la mbao, duka la Getzl Pomerantz na nyumba zilizotawanyika. Nchi ile ni tambarare kiasi kwamba ukimwona mgeni anakuja, una nafasi ya kukamua ng'ombe wote na kunawa kabla hajabisha hodi. Wazee walikuwa wametoka Urusi wakikimbia mambo ambayo hawakupenda kuyasimulia mezani. Wengi wao hawakuwahi kushika jembe kabla ya hapo, na mwaka wa kwanza farasi waliwacheka waziwazi.

Baba yake Freydl, mzee Shaye, alikuwa kuhani. Siku za kawaida alinuka mbolea ya farasi kama kila mtu. Lakini alikuwa wa ukoo wa Haruni, baba kwa mwana tangu zama hizo, na katika sikukuu kubwa alisimama mbele ya watu, akajifunika shali ya sala mpaka usoni, akanyoosha ile mikono yake iliyopasuka kwa baridi, akawabariki. Zangen haikuwa na makuhani wengine ila yeye na mwanawe Nosn. Na kuhani ana mwiko mzito: haingii chini ya paa lenye maiti, isipokuwa maiti huyo awe mzazi wake, mkewe, mtoto wake au ndugu yake wa karibu. Rafiki akifa, Shaye alisimama barabarani mbali na makaburi, kola ameinua mpaka masikioni, akalia peke yake ng'ambo ya uzio.

Mkewe Rivke alikufa kwa kidole tumbo. Ulikuwa wakati wa kuyeyuka theluji, barabara ni uji mtupu, na daktari pekee alikuwa huko kwenye mji wa stesheni, mwendo wa siku nzima kwa gari la farasi. Freydl, msichana wa miaka kumi na mmoja, ndiye aliyeshika beseni. Baada ya maombolezo Shaye alipiga meza kwa kiganja akasema nyumba ile itatoa daktari, potelea mbali. Hakuna aliyeuliza ni nani. Mwana wa kiume alikuwa mmoja, na huyo ndiye Nosn.

Ole wake Nosn. Kuku akichinjwa, yeye alikwenda kukaa nyuma ya ghala akiziba masikio. Injini ya trekta aliifungua kwa upole wa mama anayemvua mtoto nguo, ila damu, hata ya mbu, hakuiweza. Alikubali kwa sababu hakujua namna ya kumkatalia baba aliyefiwa.

Miaka ikapita, mpaka msimu mmoja wa vuli Rabi Fishl alipofika kutoka Winnipeg, kama alivyozoea kuja kila mwaka kuamua kesi na kuozesha watu. Alifikia kwa Shaye. Getzl mwenye duka alikuwepo pia, maana Getzl hakuwahi kukosa chai ya watu. Freydl alikuwa pembeni akimenya viazi. Alikuwa na miaka kumi na sita.

"Rabi, mwanangu anakwenda kusomea udaktari," Shaye alisema kwa fahari akimimina chai.

Rabi Fishl aliweka glasi chini. "Udaktari wa nini?"

"Wa watu! Wa nini tena?"

"Shaye, ndugu yangu, huko chuoni wanajifunzia maiti. Wanazipasua. Nosn ni kuhani. Haiwezekani."

Shaye alishika birika kana kwamba ndilo lililomsaliti. Nosn, masikini, uso ulimrudia rangi kama mfungwa aliyesikia jina lake kwenye msamaha.

"Basi awe daktari wa farasi," Getzl alisema. "Farasi akifa hakuna anayemwekea mwiko."

"Na mimi je?" Freydl aliuliza.

Wanaume walimtazama kama vile viazi ndivyo vilivyosema.

"Wewe vipi?" Rabi akauliza.

"Torati imewakataza akina nani kugusa maiti?"

"Makuhani. Wana wa Haruni."

"Wana wa kiume, au na mabinti wamo?"

Rabi Fishl alikuwa mtu mwaminifu, na uaminifu una hasara zake. "Wa kiume tu," alisema mwishowe. "Binti wa kuhani hakatazwi. Anaweza kushika maiti kila siku ya Mungu."

"Hata mbuzi hakatazwi!" Getzl alidakia. "Tumpeleke naye chuoni?"

"Mpeleke, mzee Getzl. Ila dukani kwako atabaki nani?"

Rabi alipaliwa na chai. Shaye alipaswa amkaripie binti kwa kumjibu mzee namna ile, na kila mtu alingoja amkaripie. Hakumkaripia. Alimtazama jinsi alivyokaa, kisu mkononi, maganda ya viazi mapajani, kisha akamwambia Nosn aache kutabasamu kama mjinga, akamsaidie dada yake viazi, maana dada yake ana vitabu vya kusoma.

Chuoni walimkalisha nyuma. Kulikuwa na viti vichache kwa Wayahudi na vichache zaidi kwa wanawake, na yeye alikaa kile kilichohesabiwa mara mbili. Mara moja vijana walimtumbukizia mkono wa maiti kwenye mfuko wa koti. Freydl aliutoa, akasimama mbele ya darasa, akauliza kwa sauti ni muungwana gani amepoteza mkono wake, na kama anahitaji kusaidiwa kuuvaa. Baada ya hapo walimwacha.

Alipofuzu, hospitali kubwa ya mjini ilimtaka abaki. "Nyinyi mna madaktari wa kumwaga," aliwaambia. "Kwetu wana Getzl na mafuta yake ya bata bukini." Akafunga sanduku, akapanda treni.

Shaye na Nosn walimjengea zahanati kabla hajafika. Ilikuwa na vyumba viwili, cha kungojea na cha kutibia, madirisha makubwa, jiko la chuma na benchi refu la mbao laini. Shaye mwenyewe ndiye aliyepiga randa benchi lile mpaka likawa halina hata kibanzi cha kumchoma mtu. Lakini aliijenga kando, ng'ambo ya ua, si ubavuni mwa nyumba kama Nosn alivyotaka. Mapaa yasigusane, alisema, wala tawi moja lisiyafunike yote mawili, kwa sababu unajisi wa maiti hupita chini ya chochote kinachofunika. Kulikuwa na mti wa mpopla uliotanda katikati. Aliukata matawi upande mmoja, ukabaki umeinama kama mtu mwenye bega bovu.

Siku ya kufungua, alimkabidhi binti yake ufunguo akiwa amesimama nje. Akambusu kwenye paji la uso, akalia kidogo, akarudi kwa farasi wake. Hakuingia. Wala kesho yake hakuingia. Chakula cha mchana alikileta mpaka dirishani, akagonga kioo, akasukuma bakuli la supu ya shayiri kwenye kizingiti cha dirisha, akaenda zake.

Na hapo ndipo maneno yalipoanza. Watu wa Zangen waliijua sheria ya kuhani vizuri mno, na kujua vizuri mno nako ni ugonjwa. Getzl alilipima jambo hili nyuma ya mizani yake ya dukani kama anavyopima sukari.

"Hebu tufikiri jamani," aliwaambia wateja. "Kuhani anakimbia nini? Maiti. Mle ndani kuna maiti?"

"Hakuna."

"Kumewahi kuwa na maiti?"

"Hata mgonjwa hakuna."

"Sasa Shaye anakimbia nini? Anakimbia maiti atakayekuja! Baba mtu anamjua binti yake kuliko sisi. Yeye kashaona jeneza, sisi tunaona mlango tu."

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Maneno yalitoka dukani yakaenda kwenye ghala la ngano, yakavuka mpaka kwa majirani Waukraine, ambao hawakujua lolote kuhusu Haruni ila macho walikuwa nayo: baba yake daktari analisha farasi hatua chache kutoka pale, na haingii. Wenye homa walikwenda mji wa stesheni. Mwenye jipu alikwenda kwa daktari wa mifugo, akatibiwa, akasifu. Paraska, mwanamke wa Kiukraine aliyeajiriwa kumsaidia Freydl, alifua mashuka safi ili yasije yakachoka kukaa.

Halmashauri ya wilaya ilikuwa imempa Freydl mkataba wa mwaka mmoja. Kama wagonjwa hawaji, dawa na vifaa vitahamishiwa mji wa stesheni, na Zangen itarudi ilikokuwa siku ile Rivke alipolala akijipinda kwa maumivu. Freydl alilijua hilo. Shaye alilijua. Ijumaa moja jioni, mkate wa kuikaribisha Sabato ukiwa bado haujakatwa, Freydl alishindwa kuvumilia.

"Baba, umeijenga kwa mikono yako na hujakanyaga ndani hata siku moja."

"Siwezi, mwanangu. Unajua."

"Sheria inasema maiti. Nionyeshe maiti, nami nitanyamaza."

"Leo hayupo."

"Ehe. Leo hayupo."

"Lakini ni nyumba ya wagonjwa, Freydl. Mtu anaweza kufa saa yoyote. Nitakuwa nimekaa pale, halafu?"

"Halafu utatoka! Miguu huna? Baba, wewe unaogopa kesho, na mimi nakufa njaa leo. Getzl anasema unasubiri jeneza, na wewe kila mchana unamthibitishia kwa bakuli la supu!"

"Getzl ni mjinga."

"Mjinga anayesikilizwa na wilaya nzima."

Nosn alikata mkate ili watu watafune badala ya kusema. Shaye hakula. Alikuwa mtu aliyepoteza nchi, mke na mazao ya miaka mingi ya ukame, na kitu kimoja tu hakikuwahi kunyang'anywa: ile mikono ya kubariki. Kumwomba aihatarishe halikuwa ombi dogo, na Freydl alilijua alipokuwa akiliomba. Aliliomba hivyohivyo.

Theluji ikayeyuka. Barabara zikawa uji tena. Asubuhi moja ya mwezi wa nne gari la farasi la Getzl lilikuja likiyumba kwenye tope, mwanawe Hirsh ameshika hatamu, Getzl mwenyewe kando yake, na nyuma, juu ya majani makavu na mablanketi, mkewe Hirsh, Bashe, akilia kwa sauti iliyokauka. Alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake. Mkunga alikuwa amejaribu, kisha akanyoosha mikono juu. Hirsh alitaka kumpeleka mji wa stesheni, lakini gurudumu lilizama mbele kidogo tu ya ua wa Shaye, na alipolichomoa hakuendelea. Alipinda kuelekea zahanati.

Freydl alikuwa ameshafika garini, amevua koti, ameinua blanketi. Mkono mdogo wa mtoto ulikuwa umetangulia nje, umebadilika rangi. Mtoto alikuwa amekingama tumboni.

"Ndani. Sasa hivi," alisema. "Paraska, chemsha maji, toa dawa ya usingizi."

Getzl alisimama mlangoni, mikono ameitanua kwenye miimo miwili. Hakuwa na mzaha tena.

"Hapana. Twende stesheni."

"Mzee Getzl, stesheni atafika maiti."

"Na humu? Baba yako mwenyewe haingii humu! Kuhani haingii, mimi nimwingize mke wa mwanangu?"

"Baba, toka mlangoni!" Hirsh alipiga kelele.

"Sitoki! Mnaniona mimi mwovu? Nampenda Bashe kuliko wanangu. Sitamweka kwenye nyumba ambayo Shaye anaiogopa!"

Kumbe muda wote ule aliamini maneno yake mwenyewe. Freydl alikuwa amejiandaa kumsukuma mzee kwa bega, na angemsukuma. Lakini Shaye alikuwa ametoka bandani, uma wa majani mkononi, na alikuwa amesikia kila neno.

Aliusimika uma topeni. Akavuka ua. Akapangusa viatu kwenye chuma cha mlangoni, kushoto, kulia, kwa utaratibu wa mtu anayekwenda kumwona mkwe. Kisha akainama, akapita chini ya mkono wa Getzl, akaingia, akaketi kwenye benchi lake.

"Haya, nimeingia," alisema. "Ingizeni mgonjwa mfunge mlango, baridi inaingia."

Mikono ya Getzl ilianguka yenyewe.

Paraska alimdondoshea Bashe dawa ya usingizi, na Freydl akaingiza mkono. Kazi ile haina uzuri wa kusimulia. Unatafuta mguu gizani, kwa vidole, na tumbo linakubana mpaka mkono unakufa ganzi, na ukivuta kwa pupa umeua wawili. Freydl alifumba macho, maana macho hayakuwa na kazi. Hofu ilikuwepo, asiyeihisi hapo si daktari. Ila nyuma ya mlango alisikia baba yake akikohoa, kikohozi chake cha vumbi la ngano, na alijua kwamba mzee yule ameweka rehani kitu chake cha mwisho juu ya vidole hivi. Akaupata mguu. Akamgeuza mtoto taratibu. Msichana alitoka na hasira, mkono umevimba, mapafu mazima, na mama yake alizinduka akiomba maji.

Getzl alipoletewa mjukuu alikaa chini sakafuni kama gunia lililofunguliwa. Shaye alimtazama mtoto, akasema pua ni ya Getzl, pole yake, akaenda kutoa uma topeni.

Lakini kesho yake alirudi. Hakukuwa na mgonjwa, hakukuwa na haja. Aliingia na glasi yake ya chai, akaketi kwenye benchi, akabana kipande cha sukari kwa meno, akanywa akitazama dirishani ili barabara nzima imwone. Na kesho kutwa pia. Watu wakaanza kuja. Kwanza mwenye jipu jingine, kisha mwenye kikohozi, kisha Waukraine kwa magari ya farasi, na mkataba wa halmashauri ukaongezwa bila hata mjadala. Mgonjwa akiwa na hali mbaya sana, Freydl alifungua mlango wa ndani akasema, "Baba, farasi wanakuhitaji," naye Shaye alitoka bila swali. Waliokufa walikuwa wachache, na kila mara alikuwa nje kwa wakati.

Kwa hiyo Zangen ilipata njia mpya ya kupima ugonjwa. "Shaye amekaa?" waliulizana mlangoni. "Amekaa." "Ah, basi si kitu." Freydl alichukia upuuzi huo na alikuwa akisema hivyo kwa sauti. Yeye alikuwa na vyeti ukutani, na watu walisoma makalio ya baba yake.

Mwaka wa nne, mwisho wa mavuno, moyo wa Getzl ulichoka. Hirsh alimleta adhuhuri, midomo ya bluu, kifua kikiroroma. Freydl alimchoma sindano, akamkalisha kwa mito, akamsikiliza mgongoni. Mapafu yalikuwa yamejaa maji, na mapigo yalikuwa yanakuja na kukata kama mashine iliyoishiwa mafuta. Alijua. Hakuna dawa aliyokuwa nayo, wala waliyokuwa nayo mjini, ambayo ingebadilisha mchana ule.

Akafungua mlango wa ndani. "Baba," alisema polepole, "farasi wanakuhitaji."

Shaye aliinua macho, akaiona sura ya binti yake. Akaweka glasi. Akainuka.

Kutoka kitandani ilikuja sauti nyembamba. "Freydl. Shaye yupo hapo nje?"

Freydl hakuwahi kumdanganya mgonjwa. "Yupo."

"Amekaa?"

Shaye alikuwa amesimama, mkono kwenye kitasa cha mlango wa nje. Benchi likiwa tupu, Getzl angeelewa. Yeye ndiye aliyewafundisha watu hesabu ile. Nje jua lilikuwa linawaka juu ya mabua ya ngano, na farasi, ambao hawakumhitaji mtu yeyote, walikuwa wanapunga nzi kwa mikia.

Shaye akaachia kitasa. Akachukua glasi yake ya chai, akampita binti yake, akaingia chumba cha ndani, akavuta kigoda mpaka kitandani.

"Nimekaa," alisema. "Nimekaa karibu zaidi, maana wewe ukinong'ona huko mtu hasikii. Unataka nini?"

Uso wa Getzl ukalegea. "Ah. Basi sijambo."

"Wewe? Wewe utanizika mimi, halafu utawauzia watu mishumaa."

"Ya bei nafuu," Getzl alisema. Akapumua, akapumzika. "Shaye. Yule farasi mwekundu niliyekuuzia mwaka ule tulipofika..."

"Kipofu."

"Hakuwa kipofu!"

"Jicho la kushoto, Getzl. Aliingia kwenye kisima."

"Alikuwa na kiu."

Walibishana hivyo, Shaye amemshika mkono. Freydl alisimama nyuma yao na kifaa chake cha kusikilizia shingoni, hana la kufanya, na alitamani kumshika baba yake bega amtoe, na hakumshika. Hirsh alilia dirishani bila sauti. Getzl alikuwa anaeleza kwamba farasi yule aliona kuliko Shaye mwenyewe, na katikati ya maelezo akanyamaza, na hakuendelea. Shaye hakuuachia mkono mpaka ulipoanza kupoa.

Jioni Freydl alimkuta bandani. "Baba, kwa nini hukutoka? Nilikuambia mapema."

"Uliniambia mapema, ndiyo."

"Hukulazimika. Hata Torati haikukulazimisha. Hakuna uhai uliookolewa pale."

Shaye aliendelea kusugua shingo ya farasi. "Mwaka mzima wa kwanza nilisimama nje ya mlango wako," alisema, "na watu wakaogopa kwa sababu yangu. Leo nilikuwa nitoke tena, ili mtu mmoja afe akiogopa kwa sababu yangu?"

Freydl, mwenye jibu la kila kitu, alilia kwenye shingo ya farasi kama mtoto.

Rabi Fishl, sasa mzee wa fimbo, alikuja kwa Sikukuu ya Vibanda. Hukumu yake ilikuwa rahisi: kuhani aliyejitia unajisi kwa kujua, akitamka tu kwamba anajuta, na kwamba hatarudia, atabariki watu kama kawaida.

"Tamka, Shaye, yaishe."

"Sijuti, Rabi."

"Tamka kwa mdomo tu, wewe mkaidi!"

"Mbele ya Mungu? Kwa mdomo tu?" Shaye akatikisa kichwa. "Nosn atabariki. Ana mikono mizuri."

Siku ya sikukuu sinagogi lilijaa. Freydl alikaa upande wa wanawake, Bashe kando yake, mtoto wa Bashe akimchezea vifungo. Sala ikafika mahali pake. Kiongozi wa sala akaita, "Makuhani!"

Nosn alivua viatu, maana kuhani habariki akiwa na viatu, akapanda mbele peke yake, masikio mekundu. Shaye alibaki kwenye safu ya nyuma, macho sakafuni. Freydl aliona mikono ya baba yake imeshika ukingo wa kiti, haijui pa kukaa. Hii ndiyo gharama, alijiambia, na imelipwa kwa ajili yangu, na mimi siwezi kuifanyia lolote kutoka hapa.

Kiongozi wa sala akangoja. Akaita mara ya pili. Hakuna aliyegeuka, ila hakuna aliyeendelea pia. Hata Rabi Fishl alifunga kitabu juu ya kidole chake, akakaa kimya.

Ndipo Hirsh Pomerantz, ndevu hazijanyolewa kwa kumwombolezea baba yake, alitoka kwenye safu yake. Alitembea mpaka nyuma. Akapiga magoti mbele ya Shaye kwenye mbao, akamshika kifundo cha mguu, akaanza kumfungua kamba za buti.

"Hirsh, acha," Shaye alinong'ona. "Sistahili."

"Inua mguu, mzee," Hirsh alisema. "Watu wanasubiri."